Mateke Tumbo Langu Halikusikia

Leo sindano haikuniuma hata kidogo, lakini nimetoka kwa kliniki na machozi.

Munajua niko natafuta mimba, kila siku sindano kwa tumbo.

Leo muganga akanipakaa pomade ya ganzi. "Ngojea inje kwanza, mama, ngozi ilale."

Kwa banc ya kungojea, bamama ba chanjo bamejaa. Mumoja akaniwekea mutoto wake kwa mapaja: "Dada, unishikiliye, nipeleke huyu mukubwa choo."

Jina hata hakuniuliza. Si munajua muji yetu ya Baraka, kila mama ni dada!

Mutoto akaanza kunipiga mateke kwa tumbo, pale pale penye pomade. Miguu naiona inagonga kikwembe nilichojifunga. Sisikie kitu.

Mama yake akarudi anacheka: "Iko na nguvu, eh? Umesikia vile anapiga?"

Bamama, mungemujibu nini?

Mi nilimuambia, "Ndiyo, nimesikia."