Vifuniko vya Mama Ernestine

Kabla sijajua jina lake, niliona jinsi anavyosikiliza chupa. Mama Ernestine alikuwa amekaa nyuma ya nyumba yake hapa Kasongo, akiminya chupa tupu ya maji kando ya sikio ili asikie kama inavuja hewa. Iliyovuja aliitupa kwa hasira, kana kwamba imemtukana.

Chupa hizo huziokota jalalani na kuziomba kwa majirani. Huzifunga pamoja kwa mipira mikuukuu ya baiskeli mpaka ziwe mtumbwi wa mashindano ya pale mto Lualaba. Wenye mitumbwi ya mbao hawawaazimi wasichana, basi yeye akawaundia wao.

Mwaka jana mtumbwi huo ulizama mbele ya watu wote. Chupa nyingi hazikuwa na vifuniko. Alikuwa ameziziba kwa magunzi ya mahindi. Magunzi yakalowa, maji yakaingia. Wasichana wakaogelea hadi ukingoni huku wanaume wakiwapigia miluzi. Sasa wasimamizi wamesema ukizama tena, wasichana hawatashindana kamwe.

Na vifuniko viko wapi? Viko kwa Hemedi, fundi wa baiskeli, ambako wanaume wazima hucheza dama kutwa, vya bluu dhidi ya vyeupe. Kila chupa inayofunguliwa mtaani, kifuniko chake huishia pale. Nikifikiria jambo hilo, damu inanichemka.

Jana nilimfuata Mama Ernestine huko. Hakusalimu mtu.

“Hemedi, leta vifuniko.”

“Mama, ngoja kwanza! Huyu Alain niko namumaliza.”

“Mutoto yako Darlène iko mu mutumbwi yangu. Unataka azame ndiyo umalize Alain?”

“Sasa sisi tutacheza na nini?”

“Na mawe! Mawe hayana kazi ya kuelea.”

Alain akacheka. “Eh, Mama Takataka amekasirika!”

“Ndiyo, papa. Nimekuja kuzoa.”

Akainua ubao, akavimwaga vifuniko vyote ndani ya kitenge chake. Hemedi alifungua kisanduku chake cha vyombo, akatoa vifuniko vingine alivyokuwa ameficha, akamwekea juu bila kumtazama.

Leo kila chupa ina kifuniko, na hakuna inayovuja. Jumapili, ibada ikiisha, mtumbwi utapelekwa mtoni kushindana. Hemedi ameomba aubebe kwa baiskeli yake.

“Ubebe,” Mama Ernestine amemjibu, bado amenuna. “Halafu usimame mbele kabisa, uone.”