Kiasi Kinachoombwa

Sokoni walimwita Mama Bei, kwa kuwa hakuwahi kumtajia mtu bei ya kweli. Blauzi ya elfu moja aliiita elfu mbili, mteja akacheka, akataja mia tano, wakavutana mpaka wakakutana njiani. Miaka tisa ya kuuza mitumba ilimfundisha kwamba atajaye kweli yake mapema hulala njaa.

Ndiyo maana fomu ya shule ya awali ilimkaa kooni. Mistari mingine aliijaza upesi: jina la mtoto, umri, baba marehemu. Ukabaki mmoja: kiasi cha msaada wa ada kinachoombwa.

Nusu ingemtosha. Nusu ya pili angeitafuta kwa jua na kwa mvua. Binti yake wa miaka minne alishinda nyumbani na bibi yake mzaa baba, na macho ya bibi yalikuwa yanazimika. Wiki mbili nyuma dereva wa lori alimtoa mtoto huyo chini ya gurudumu, anachezea mchanga, injini imeshawaka.

"Andika nusu," mama mkwe alimwambia. "Si ndiyo unayoitaka?"

"Mama, nikiandika nusu watanipa robo."

"Wale ni walimu, si wateja wako."

"Mwenye pesa ni mteja tu, hata avae miwani."

Bibi akacheka. "Haya. Wewe ndiye unayeona, andika."

Akaandika: ada yote. Akangoja kuitwa wavutane.

Hakuitwa. Ilikuja barua ya mistari mitatu: ombi limekataliwa. Alifunika meza yake ya nguo kwa turubai, akaenda shuleni na barua mkononi.

Mwalimu mkuu alimpa kiti, akazungumza kwa upole, na upole huo ndio uliomtia hofu. "Mama, mfuko ni mdogo, watoto ni wengi. Kamati imewasaidia wanaoweza kuchangia. Anayeomba yote, sare na chakula vitamshinda, mtoto ataishia njiani, nafasi ipotee bure."

"Mimi nusu naiweza, mwalimu."

"Mbona hukuandika?"

"Nilijua mtapunguza."

"Sisi hatupunguzi, mama. Tunasoma kilichoandikwa."

"Basi nipe fomu nyingine."

"Pesa zimeshagawanywa. Tangu jana."

"Hata robo."

"Mama."

"Robo ya robo, mwalimu. Nitafagia madarasa."

Mwalimu akatikisa kichwa. Ukutani nyuma yake yalikuwa yamebandikwa majina ya waliopokelewa. Mama Bei aliyasoma yote, la kwanza hadi la mwisho, kama mtu anayemtafuta ndugu kwenye orodha ya majeruhi.

Nyumbani mama mkwe aliuliza, "Wamesemaje?"

"Mwakani."

"Mwaka ni mrefu, mwanangu."

Mama mkwe hakusema, "Nilikwambia." Afadhali angesema.

Asubuhi Mama Bei aliwawekea mkate na jagi la maji mahali ambapo mkono wa bibi ungefika. Alificha kisu na kiberiti juu ya kabati. Akamwambia binti asimwache bibi, akatoka, akafunga mlango kwa nje kwa waya, akausokota mara tatu.

Alipofika kona ya barabara alimsikia mtoto anagonga, taratibu kwanza, kama mgeni mwenye adabu.