Vijiti Mbele ya Ng'ombe

Karani wa vibali vya mifugo alikuwa mama wa makamo, miguu imemvimba, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu wa kupigana na vijiti. Kila akiandika "ng'ombe" kwenye fomu ya kompyuta na kuhifadhi, mashine ilichomeka kijiti cha mshazari mbele ya ile alama ya juu: ng\'ombe. Fundi alimwambia ni ulinzi, alama isije ikadhaniwa na mashine kuwa amri. Haya. Lakini kibali hupita meza nne, na kila meza ikifungua na kuhifadhi, vijiti huzaana: kimoja, vitatu, saba, kumi na tano. Nafasi ya maelezo yenyewe finyu kama kiatu cha kuazima. Vijiti vikijaa, maneno ya mwisho hukatwa.

Asubuhi hiyo mfugaji mmoja alirudi na kibali chake, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Dada, nimezuiwa kwenye kizuizi cha barabarani. Neno 'amechanjwa' halimo. Ng'ombe nimemwacha huko na kamba, ndama yuko nyumbani, tangu jana hajanyonya."

Karani akampigia fundi.

"Mama yangu, mlango wa fomu unaongeza kijiti cha ulinzi, na ghala la data nalo linaongeza chake. Ulinzi mmoja ungetosha. Nitarekebisha Jumatatu."

"Ndama anaijua Jumatatu?"

Karani akakata simu.

Akaegemea kiti, akafumba macho. Kama vijiti huzaliwa kwenye kuhifadhi, basi na ahifadhi mara moja tu. Akaandika kibali upya, akakichapa, akapanda nacho ngazi mwenyewe, meza hadi meza, akiomba saini za kalamu. Kwa mkuu wa ofisi, meza ya mwisho, ghorofa ya tatu, alifika akihema.

"Utaratibu ni kwenye mashine, mama."

"Mashine ndiyo iliyokula chanjo, mzee. Tia saini, miguu yangu haina ngazi nyingine."

Mkuu akacheka, akasaini.

Mfugaji alifuatisha maneno kwa kidole hadi mwisho: amechanjwa. "Na hivi vijiti?"

"Kimoja kimoja hakizuii ng'ombe, kaka. Kimbia."

Akatoka mbio. Karani akavua viatu chini ya meza, akamwita anayefuata.

"Ng'ombe wangapi, baba?"

"Kumi na wanane. Na kizuizini wanataka kila mmoja na kibali chake."

Karani akavitafuta viatu kwa vidole vya miguu, akavivaa.