Fundi wa Lubaga Aliyeondoa Matangazo

Sikulazimishi uniamini. Kaka yangu mwenyewe, tuliyekaa naye kitanda kimoja siku ile tukisikiliza simu moja, haniamini mpaka leo. Lakini haya yalinipata mimi, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, hapa hapa Kampala.

Mimi nauza viungo sokoni Nateete: bizari, iliki, mdalasini. Sisi ni Waswahili wa zamani wa mji huu. Wazee wetu walikuja na biashara kutoka pwani, wakaoa huku, wakazikwa huku. Babu yangu mzaa mama, Mzee Sudi, alikuwa fundi bati. Alitengeneza koroboi na mabirika. Alifariki Mama akiwa msichana wa miaka kumi, na wala hatuna picha yake.

Mwaka juzi Mama alipata kiharusi. Miguu ikakataa, mikono ikafa ganzi. Akabaki na masikio yake, na ulimi mzito kidogo. Kitu alichokuwa akikipenda ni kaswida. Basi kila asubuhi kabla sijaenda sokoni nilikuwa namfungulia simu, naiweka kando ya mto, kaswida zinafuatana zenyewe mpaka mchana ninaporudi kumlisha.

Tatizo likawa matangazo. Wewe mwenye kidole cha kuyaruka huwezi kuelewa. Mtume anaswaliwa, mara inaingia bia. Inaingia kamari ya mpira. Siku moja nilirudi nikakuta mtu anaisifia dawa ya kupunguza tumbo, na alikuwa ameisifia karibu saa nzima, kwa sababu hapakuwa na wa kumruka. Mama alikuwa analia.

"Nimemwambia anyamaze," akaniambia. "Hanisikii."

Kaka yangu Twaha alijaribu. Kwanza alisema tulipie kila mwezi, matangazo yaondoke kabisa. Walitaka kadi ya benki, na sisi wote wawili hatuna. Kisha akaniwekea programu nyingine ya kufungulia mtandao, ile inayoyazuia matangazo. Ilifanya kazi siku sita. Ya saba video zikagoma kufunguka mpaka tuizime. Ikabaki njia ya kuzipakua kaswida na kuzitia kwenye kadi ya memori, ziimbe bila mtandao. Twaha akasema ataifanya Jumapili. Jumapili ikapita, zikapita nyingine tatu.

Siku moja nikapanda kilima cha Lubaga kumchukulia Mama dawa. Nikiwa nateremka, yapata saa tisa mchana, mvua ikanikamata. Nikakimbilia baraza ya safu moja ya maduka. Mlango mmoja ulikuwa wazi, na pembeni yake kipande cha boksi kimeandikwa kwa mkono: Twaweka kaswida na video. Matangazo hakuna.

Kwa Kiswahili. Lubaga, ambako kila kibao ni Kiganda au Kiingereza, nani atakuandikia Kiswahili? Sasa hivi nashangaa. Siku ile sikushangaa hata kidogo, na hilo ndilo linalonichanganya kuliko yote.

Ndani alikuwamo mwanamume mtu mzima, kofia kichwani, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni. Mbele yake kompyuta ya zamani inanguruma.

"Karibu, mwana wa Zena," akasema. "Umelowa."

Nikakaa. Nikamweleza habari ya Mama na yule mtu wa dawa ya tumbo. Alinisikiliza bila kunikatiza. Akauliza baba yake mgonjwa ni nani, nikamwambia ni Sudi, alikuwa fundi bati. Akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyepewa habari anayoijua. Akaichukua simu, akatia kadi ndogo nyeusi, akainamia kompyuta. Alichukua muda gani? Sijui. Mikono yake naikumbuka vizuri, ilikuwa na makovu madogo madogo ya moto. Uso wake siukumbuki.

Nilipotaka kumlipa alikataa.

"Mwache asikilize," akasema. "Usimkatize."

Mvua ilikuwa imekwisha. Nikashuka zangu nyumbani nimefurahi.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za raha tupu. Kaswida baada ya kaswida, hakuna bia, hakuna kamari. Mama alianza kumaliza uji. Siku ya tatu nilirudi kutoka sokoni, na kabla sijafungua pazia nikamsikia anacheka. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, sauti ya mtoto, "Labeka, baba."

Nikaingia. Wallahi hakukuwa na mtu. Kwenye simu mzee alikuwa anaimba kaswida, sauti nzito yenye kikohozi, na nyuma yake nyundo inagonga bati, taratibu, kwa mapigo ya wimbo. Akaacha kuimba. Akasema, "Zuzu, weka mkasi chini, utajikata." Kisha akaendelea.

Zuzu. Nilikuwa nalisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Mama akaniambia ndivyo baba yake alivyokuwa akimwita karakanani, yeye peke yake. Nani alimrekodi fundi bati wa miaka ile? Kwa chombo gani?

Nikampigia Twaha, akaja mbio. Tukakaa kitandani, simu katikati yetu. Mimi nasikia mzee na nyundo. Twaha anasikia akina mama wa kaswida wanapiga dufu, basi. Tulirudia mara nne. Mama alikuwa akitutazama kama watoto wawili wajinga.

Twaha alipotoka Mama akaniuliza huyo fundi alinisalimu vipi. Nikamwambia: "Karibu, mwana wa Zena." Zena ni Mama. Nilikuwa nimemtajia yule mtu jina la Mama saa ngapi? Nilikuwa ndiyo kwanza naingia mlangoni. Mama hakushtuka. Alifumba macho akatabasamu.

Kesho yake nikarudi Lubaga. Baraza niliikuta, mlango niliukuta. Ndani mlikuwa na magunia ya makaa mpaka darini, na mama mmoja mnene anapima makaa kwenye makopo. Nikamuuliza fundi wa kompyuta amehamia wapi.

"Kompyuta hapana, nnyabo," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Hapa mimi nauza makaa miaka mingi. Hata umeme hakuna."

Akanikaribisha nione. Kuta zilikuwa nyeusi tii, hakuna waya, hakuna soketi. Nikamwambia lakini nilikaa humu ndani siku ya mvua kubwa. Akanitazama vizuri.

"Ni wewe," akasema. "Mimi siku ile nilifunga, nikakaa pale ng'ambo kwa muuza chapati. Nilikuona. Ulisimama hapa kwa baraza peke yako, unaongea na mlango. Nikasema huyu anaomba Mungu, tumuache."

Nilishuka kile kilima mbio.

Twaha aliposikia hayo akamleta shehe. Shehe ni mtu mpole, amenisomesha mimi tangu utotoni. Aliisikiliza simu ile, hakusema amesikia nini. Alisema tu kwamba waliokufa hawarudi kuimba, na kinachoiga sauti zao hatukijui, basi kadi itolewe. Twaha akasema itolewe. Mimi nilikuwa nafikiri: Mama anakula. Mama anacheka. Lakini pia niliogopa, kwa nini nikufiche? Kulala nyumba moja na sauti ile ukiwa unajua ulipoitoa, si mchezo. Ijumaa baada ya swala nikaitoa kadi mbele ya macho ya Mama, nikaifunga kwenye kitambaa.

"Baba amekwenda wapi?" akauliza.

Nikamwambia simu imeharibika. Hakuuliza tena. Siku hiyo hakula, wala Jumamosi. Jumapili roho ikanishinda, nikairudisha kadi. Simu ikaandika kwamba kadi haina kitu. Niliipeleka kwa mafundi wawili, wa kweli, wenye maduka na majirani. Wote walisema kadi hii ni mpya, haijawahi kutiwa chochote.

Ikabidi nirudi kumfungulia kaswida za mtandao, na matangazo yake. Mama hakulalamika. Aligeuza uso ukutani.

Alifariki Alhamisi iliyofuata, mimi nikiwa sokoni. Nilipofungua pazia, simu ilikuwa inapiga kelele ya soda, vijana wanaruka na kupiga makofi. Nilizima simu kwanza, ndipo nikamfumba macho. Laiti ungejua uzito wa jambo hilo.

Tangu siku hiyo sitazami video yoyote. Nina simu ya vitufe, ya kupigia tu. Wateja sokoni wakifungua zao karibu na meza yangu, naondoka kidogo mpaka wamalize, wananiona nina kiburi. Twaha anasema nilikuwa nimechoka, nikajitungia mambo, na kadi labda niliiokota. Inawezekana? Na lile jina Zuzu nililiokota wapi? Tumeacha kulizungumza, maana tukilizungumza tunagombana.

Basi wewe, ukitafuta njia ya kukwepa matangazo, lipia, au mpe ndugu yako akupakulie, na umsumbue mpaka afanye. Ukimkuta mtu anakufanyia bure na anajua jina ambalo hujamtajia, muulize hapo hapo yeye ni nani, kabla hujampa simu. Mimi sikuuliza. Na mpaka leo sijui nikuonye usipokee, au nikuonye ukishapokea usiitoe kadi.