Kitambaa cha Televisheni

Kitambaa hiki cha kufuma kinanuka dawa ya nondo hadi leo. Asubuhi wifi yangu amekitoa sandukuni akaifunika nacho televisheni, kwa kuwa sasa ni mimi niliyefiwa na mume, niliye edani.

Zamani aliyekaa eda alikuwa mama, katika nyumba yetu ya Malindi. Shangazi, dada yake baba, alihamia kwetu kumchunga asije akavunja eda, akaifunika televisheni kwa kitambaa hiki hiki. Mama hakupaka wanja wala kujifukiza udi, na hilo hakulilalamikia. Lakini alasiri moja, shangazi aliposimama kuswali, mama alikivuta kitambaa, akawasha katuni, akanipakata.

Paka alikuwa akimkimbiza jogoo. Jogoo akamgeukia kwa kikaango, pah! Paka akalala bapa kama chapati. Kisha akajikunjua, akajipangusa, akaanza kukimbiza upya. Mama alicheka mpaka ushungi ukamwanguka, tumbo lake likinitikisa mgongo. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu baba azikwe.

Shangazi akaja mbio, akasimama mbele ya kioo. "Wewe! Ndugu yangu kaburi halijakauka, nawe wakenua meno?"

Mama akajifuta machozi kwa leso. "Nduguyo nimemlilia, wifi, na nitamlilia tena. Lakini hebu sogea, wanizibia."

Wifi yangu sasa yuko jikoni. Wanja nimeacha, udi nimeacha. Katuni nani aliikataza? Nimekikunja kitambaa, nikakikalia.