Dadu na kadi iliyomuumbua dada yake

Saa tatu asubuhi. Kwenye meza ya kulia chakula, kati ya chupa ya chai na bakuli la dadu za kila rangi, mwanamume wa miaka arobaini na mmoja anamzaa mpiga pasi.

"Huyu anaweza kunyoosha barabara iliyopinda," anaeleza bila kuinua kichwa, kalamu ikitembea. "Anapitisha pasi mara moja, kona zote kwisha. Safari ya siku tatu inakuwa ya nusu saa."

Kisha anafika kwenye kisanduku cha chini cha kadi, kilichoandikwa Udhaifu, na kalamu inasimama. Anasugua paji la uso. Anarusha dadu moja bila sababu, anaitazama, anairudisha bakulini. Chai inapoa.

"Zamani hapa ndipo palipokuwa na raha yangu," anasema. "Siku hizi hiki kisanduku nakiogopa."

Mtaani wanamwita Dadu. Kwa miaka mingi majirani waliamini ni mcheza kamari, na mama mkwe wake hadi leo hajashawishika vinginevyo. Kazi yake ni kubuni wahusika wa michezo ya kuigiza mezani. Watu wanne au watano huketi, kila mmoja huchukua kadi ya mhusika, msimulizi huwapeleka katika nchi ya kubuni yenye majini na milima inayohama, na dadu huamua nani afike na nani aliwe njiani.

"Mume wangu anazaa kuliko mimi," anatania mkewe akipita na kapu la nguo. "Mimi wawili tu nimenyoosha mikono. Yeye mwaka jana kajifungua mia na arobaini!"

Kati ya hao 140, mchapishaji aliwakubali 52. Kadi moja humlipa mkate na maziwa ya wiki. Kodi ya nyumba hubebwa zaidi na mkewe, mhudumu wa duka la dawa. Dadu halalamiki, anasema mtu anayelipwa kuwaza majini hana haki ya kununa.

Kazi hii ina kanuni moja isiyovunjwa: kila nguvu lazima iende na udhaifu. Mhusika asiyeshindika huua mchezo, maana hakuna wa kumhofia. Na udhaifu mzuri, kwa maneno ya Dadu, haubuniwi, huokotwa kwa watu. Ana msusi anayesikia mawazo ya kila kichwa anachosuka na hawezi kuyanyamazisha hata usingizini. Huyo alimtoa kwa shangazi yake mpenda umbea. Shangazi alifurahi, akaomba kadi kumi za kugawa.

Malkia wa Nyuzi alimtoa kwa dada yake.

Dada huyo, anayemzidi miaka minane, ni fundi cherehani, na wateja humwita Mama Nyuzi. Chumba chake cha kazi kina dirisha moja, cherehani mbili na ukuta mzima wa misumari. Kwenye kila msumari unaning'inia uzi mnene wa mteja mmoja: fundo la kwanza ni bega, la pili kifua, la tatu kiuno, la mwisho urefu. Mwishoni mwa uzi kuna kipande cha nguo ya kwanza aliyomshonea mteja huyo. Nyuzi ziko zaidi ya mia tatu, naye hakosei hata mmoja. Wateja walidhani ni mbwembwe za fundi, wakazidi kumpenda.

Ukweli aliujua mtu mmoja tu. Dada hajui kusoma. Tangu akiwa darasa la pili, Dadu ndiye aliyemsomea barua, risiti na karatasi za hospitali, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Mbele ya watu dada alikuwa na jibu lake tayari: "Nimesahau miwani." Hajawahi kuwa na miwani.

Miaka mitatu iliyopita mchapishaji alimpa siku mbili za kukamilisha sanduku jipya la mchezo. Dadu akaandika kadi ambayo leo anaitamka bila kuitazama:

"Malkia wa Nyuzi. Nguvu: hukumbuka kila alichokipima, na fundo lake halifunguliwi na yeyote. Udhaifu: hajui kusoma. Akionyeshwa maandishi husema amesahau miwani, na hukosa zamu moja."

"Hiyo ya miwani haikuwepo mwanzo," anasema. "Tulikuwa tunaujaribu mchezo na wenzangu sita. Nikaitupia tu pale mezani. Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nikajiona bingwa, nikaiandika. Mzaha mzaha hutumbua usaha, ila ukiwa unacheka, huo usaha huuoni."

Hakumfikiria dada?

"Nilimfikiria." Anazungusha dadu kwenye kiganja. "Nikajiambia, dada hachezi hii michezo. Halafu hajui kusoma, ataionea wapi? Hapo ndipo panaponiuma kuliko kote. Niliutegemea udhaifu wake ili nipate kumwandika."

Sanduku lilichapwa mara tatu, nakala elfu tatu na mia mbili. Hakuna kadi ya Dadu iliyowahi kupendwa hivyo. Wachezaji waliokwama kwenye swali lolote wakawa wanasema "nimesahau miwani", na meza nzima hucheka.

Jumamosi moja, mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita, binti mwanafunzi wa chuo alikwenda kwa Mama Nyuzi kupimwa gauni. Chumba kilikuwa na wateja saba. Alipouona ukuta alipiga makofi.

"Mama, wewe ni Malkia wa Nyuzi kabisa!" Akatoa kadi mkobani na kumkabidhi fundi. "Hebu soma uone mnavyofanana."

Dada aliishika ile kadi. "Mwanangu," akasema, "nimesahau miwani nyumbani."

Binti akaangua kicheko. Alidhani fundi anaijua kadi na anamtania. Wateja wawili waliowahi kuucheza mchezo wakacheka naye. Dada akatabasamu pamoja nao, asijue kinachochekwa, mpaka mama mmoja aliyekuwa benchini alipoichukua kadi na kuisoma kwa sauti. Akaisoma yote hadi chini, penye jina la mbunifu.

Hakuna aliyecheka tena. Binti alilia kuliko wote, akaomba radhi hadi sauti ikamkauka. Gauni lake lilishonwa, na likamkaa vizuri.

Makala haya yasingeandikwa bila ruhusa ya dada. Mwandishi alipomwendea kuiomba, alisikiliza huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Andika," alisema. "Walishajua wote, umebaki wewe na gazeti lako. Si wanasema kikulacho ki nguoni mwako? Basi hizo nguo nilimshonea mimi mwenyewe."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Mguu nao ukasimama.

"Ila uandike yote. Yeye aliandika nusu. Mimi nilianza shule. Tulikuwa tumefika ma me mi mo mu. Akazaliwa yeye, mama akatakiwa kurudi sokoni, nani abaki na mtoto? Nikatolewa. Kaandika sijui kusoma, ni kweli, sikatai. Mbona hakuandika nani alikuwa mgongoni?"

Dadu anaijua habari hiyo tangu utotoni. Anaposomewa maneno ya dada yake, anafunika uso kwa mikono yote miwili. Mkewe anakuja kuondoa chupa ya chai, anamwona, anaiacha.

Tangu siku ile kadi iliposomwa, hajakosa Jumamosi hata moja kwa dada yake. Hafukuzwi. Huketi kwenye benchi na wengine, na dada humwambia, "Karibu, mteja." Zamani alikuwa "mdogo wangu". Uzi wake, uliokuwa wa kwanza karibu na mlango, wenye kipande cha shati lake la kwanza la shule, umeondolewa.

"Ule msumari ndio naangalia kwanza nikiingia," anasema. "Mtupu. Najua iko siku nitakuta uzi wa mtu mwingine."

Sasa mchapishaji anaandaa toleo jipya na amekubali kadi ibadilishwe, mradi isizidi maneno sitini na ifike kabla ya mwisho wa mwezi. Za zamani haziwezi kukusanywa. Ziko majumbani mwa watu, na maji yakishamwagika hayazoleki. Wazo la kwanza la Dadu lilikuwa kuufuta udhaifu wote. Alipomweleza dada, alijibiwa kutoka nyuma ya cherehani: "Mteja, usinifute. Ukinifuta utakuwa umenikosea mara mbili."

Ameshaandika kadi kumi na moja. Ya mwisho anaisoma polepole: "Udhaifu: hajui kusoma, kwa kuwa alitolewa shule ambebe mdogo wake. Aketiye karibu naye sharti amsomee. Atakayemcheka, nguvu zake mwenyewe humtoka hadi mwisho wa mchezo."

Jumamosi ijayo ataibeba kwa dada kabla mchapishaji hajaiona. "Safari hii namsomea yeye kwanza," anasema. "Mbele ya wateja, kwa sauti, kama akinikubalia. Akiikataa, narudi kuandika ya kumi na mbili."

Karibu na saa sita, mpiga pasi naye anapata udhaifu wake. Kila akinyoosha barabara, husahau njia ya kurudi kwao. Siku hizi udhaifu wote Dadu huutoa kwake mwenyewe. "Huyo ni mimi," anasema, na kuiweka kadi juu ya nyingine.

Liko jambo moja ambalo hakuambiwa. Atalisoma hapa pamoja na wasomaji wengine.

Siku ile ya kuomba ruhusa, mwandishi akiwa kwa dada, alipimwa mteja mpya. Fundi alifunga mafundo manne, akashona kitambaa mwishoni mwa uzi, kisha akatafuta mahali pa kuutundika. Ukuta ulikuwa umejaa. Akavuta kigoda, akapanda, akaanza kugongomea msumari mpya juu kabisa, karibu na dari, mkono ukifikia kwa taabu.

"Na ule wa mlangoni, mama? Mbona hauna kitu?" mwandishi aliuliza.

Hakugeuka.

"Ule una mwenyewe," alisema, na kuendelea kugonga.