Doti Mbili Zilizobaki

Fundi simu alikuwa na uchovu ule wa kushindwa hata kupiga miayo. Tangu asubuhi alikuwa ameinamia meza yake chini ya ngazi za jengo la maduka, simu sita za kizamani zimepangwa mbele yake juu ya kitambaa, kila moja na waya wake. Hazikuwa za wateja. Za wateja zilikuwa kwenye droo, zikisubiri.

"Bado unazibembeleza hizo maiti?" aliuliza mshona viatu, jirani yake wa miaka mingi. "Afadhali mimi. Kiatu kikifa nakizika."

"Hazijafa, mzee. Zinaenda polepole tu."

"Hata mimi naenda polepole, mbona huniungi waya?"

Fundi alicheka kwa pua, akarudi kwenye kompyuta yake.

Kazi hiyo hakutumwa na mtu. Ilikuwa programu ya kuonyeshea video, inayoandikwa na watu wengi wasioonana, kila mmoja na kona yake. Kona ya fundi ilikuwa ya simu za zamani, na alikuwa ameilinda miaka kumi na mmoja. Picha ya video ni mistari ya doti ndogo ndogo. Programu ya kawaida hupaka rangi doti moja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Fundi alikuwa ameandika maagizo kwa lugha ya chini kabisa, ile inayosomwa na mashine yenyewe, agizo kwa agizo, na maagizo hayo yalichota doti nane kwa mkupuo. Kwa hiyo simu nzee iliweza kuonyesha video bila kuhema.

Lakini kwa karibu miaka miwili watu walikuwa wakilalamika: uzi wa kijani pembeni mwa picha. Fundi alizijaribu simu zake zote sita kwa video zake zilezile za majaribio, asiuone. Jana msimamizi wa programu, mtu mpole ambaye hajawahi kumwona uso, alimwandikia kwamba chanzo kisipopatikana kufikia saa kumi alasiri ya leo, kona nzima itaondolewa. "Pole sana, ndugu. Wote tumechoka."

Fundi alijua maana yake. Mama yake, aliyekuwa mbali na mwenye nyonga mbovu, alimwona mjukuu wake kwenye simu ya aina hiyohiyo tu, na simu nyingine hakuitaka. "Hii ninaijua, na yenyewe inanijua," alikuwa akisema. Fundi aliwahi kuyazima maagizo yake na kujaribu. Kicheko cha mtoto kilisikika, kikaisha, ndipo mdomo ukafunguka.

Saa saba mkewe alifika, mtoto mgongoni, chakula kwenye mfuko. Alimtazama mumewe macho. Akamshusha mtoto, akaketi kwenye kigoda na kumweka katikati ya magoti yake. Mtoto, waliyemwita Kibonge kwa ajili ya mashavu yake, akaanza kulia akitaka nyaya.

"Baba Kibonge, naomba simu moja nimnyamazishe."

"Chukua ya mwisho. Usichomoe waya."

Mama Kibonge akaingiza humo video aliyompigia mtoto juzi, ile aliyomtumia bibi. Kibonge akajiona, akanyamaza. Yeye mama akaendelea kutazama, kichwa kimeinama upande.

"Mwanangu ameota uzi sikioni," alisema taratibu.

"Uzi gani?"

"Wa kijani. Kwenye simu yangu haupo."

Fundi, aliyekuwa ameanza kula, aliweka kijiko chini. Akaichukua simu. Pembeni kabisa mwa picha, kando ya sikio la mtoto, uzi mwembamba wa kijani ulishuka toka juu mpaka chini.

"Video hii umeifanyaje?"

"Sijaifanya kitu." Akasita. "Nimeikata kidogo tu upande. Kamba ya nguo ilikuwa inaonekana, na nepi zote zile. Sikutaka mama azione."

"Umeikata." Fundi alipima upana wa picha. Doti mia saba na kumi na nne. Akagawa kwa nane. Zikabaki mbili.

Alifungua faili, akashuka mpaka mwisho. Palipaswa kuwa na maagizo machache ya kuokota doti zinazobaki mchoto wa nane usipotimia. Hayakuwepo. Aliyeyafuta miaka miwili iliyopita ni yeye mwenyewe, ili kazi iende haraka zaidi, na alikuwa ameandika kando kwa fahari: hakuna video yenye upana wa kubakiza doti. Video zake zote za majaribio ziligawanyika kwa nane. Hakuwahi kufikiria mtu anayeficha nepi.

"Nimeharibu?" mkewe aliuliza.

"Wewe? Hapana, Mama Kibonge. Aliyeharibu ni mimi."

Aliyarudisha maagizo yale moja moja, mkono mmoja ukimzuia Kibonge asivute waya. Akajaribu video ileile kwenye simu zote sita. Ya nne ilizimika njiani, wakaisubiri ipate chaji, mshona viatu naye akiitazama. Saa kumi kasoro dakika ishirini akatuma.

Jibu lilikuja la mistari miwili. "Imeingia. Kona inabaki. Ongeza na jaribio la video iliyokatwa."

Hakuruka wala kupiga makofi. Aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Mkewe akamsogezea chakula kilichopoa.

Wiki moja baadaye, programu mpya ilipofika kwenye simu ya mama yake, alimpigia.

"Mama, ule uzi wa kijani kwenye video umeondoka?"

"Uzi upi, baba? Unasema lile pazia?"

"Pazia?"

"Pazia lenu la kijani. Naona mmelitoa. Mbona lilikuwa zuri? Mwambie mkeo alirudishe."

"Nitamwambia, mama. Mtoto unamwona vizuri?"

"Namwona. Anacheka kama wewe ulivyokuwa ukicheka zamani."

Fundi alipokata simu, alivuta droo na kutoa simu ya kwanza ya mteja.